Asilimia Hiyo ni Shilingi Ngapi?

Hotuba kwa wafanyabiashara wa samaki na dagaa, Soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza

Ndugu mwenyekiti wa soko, viongozi wa vikundi, wenye mitumbwi, akina mama wa dagaa, mawakala, vijana wa mizigo: mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie maneno ya benki na ya mifuko ya uwekezaji, haya mnayokutana nayo kwenye fomu na mikataba. Sitayapitia yote. Mengine yanajieleza yenyewe, na muda wenu ni hela. Kuna machache lakini ambayo watu huyaitikia kwa kichwa, wakasaini, halafu wakaja kuyaelewa siku makato yanapoanza. Hayo ndiyo nitakayokaa nayo. Na kwa kila neno nitarudia ombi lile lile: mtu akikutajia asilimia, mwulize ni shilingi ngapi, akikutajia muda, mwulize ni tarehe ngapi.

Tuanze na mkopo, maana ndiko wengi wenu mliko.

Chukueni mkopo wa shilingi milioni 6, wa mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 18. Wakopeshaji wawili wanaweza kukutajia maneno hayo hayo, na bado wakakutoza hela tofauti kabisa. Wa kwanza anatumia riba isiyopungua. Anachukua asilimia 18 ya milioni 6 nzima, inakuwa 1,080,000, anaijumlisha na mtaji, yaani hela uliyokopa, anagawa kwa miezi 12. Unarejesha 590,000 kila mwezi. Wa pili anatumia riba inayopungua: kila mwezi anatoza asilimia 1.5 ya deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza riba yako ni 90,000, mwezi wa mwisho ni kama 8,000. Rejesho lake ni 550,000 na kidogo, na riba ya mwaka mzima ni kama 601,000. Tofauti ya hawa wawili inakaribia 479,000, na wote walisema asilimia 18.

Siri iko hapa. Ukifika mwezi wa kumi umesharudisha sehemu kubwa ya mtaji, lakini riba isiyopungua inaendelea kukutoza kana kwamba milioni 6 zote bado unazo mkononi. Ukiigeuza ili uilinganishe na ile nyingine, asilimia 18 isiyopungua ni sawa na asilimia kati ya 31 na 32 inayopungua. Kwa hiyo usilinganishe mikopo kwa asilimia kabla hujajua ni ya aina ipi. Tena kuna wanaotaja riba ya mwezi. "Asilimia 3 tu, mama." Hiyo ni 36 kwa mwaka. Na ile mikopo ya kausha damu, unapewa laki moja leo na kurudisha laki na elfu thelathini baada ya mwezi, ni asilimia 360 kwa mwaka. Sijui dagaa gani wanaolipa faida hiyo.

Riba siyo gharama pekee. Kuna ada ya maombi, bima ya mkopo, gharama za kuthaminisha na kusajili dhamana. Hizi mara nyingi hukatwa mbele, kabla hela haijakufikia. Tuseme zote pamoja ni asilimia 3: kwenye milioni 6 zinaondoka 180,000, akaunti yako inasoma 5,820,000, lakini riba inahesabiwa kwenye milioni 6 kamili. Ndiyo maana maswali ya kumwuliza afisa mikopo ni mawili, na majibu yote mawili yawe kwa shilingi: zitaingia ngapi kwenye akaunti yangu, na mpaka mwisho nitakuwa nimerudisha jumla ya ngapi? Ukitoa moja kwa nyingine, hiyo ndiyo bei ya mkopo. Omba pia jedwali la marejesho, lenye tarehe, mtaji na riba ya kila mwezi. Usisaini kabla hujaliona.

Angalieni na kipengele cha kulipa kabla ya muda. Kwenye mkopo wa riba inayopungua, ukilipa mapema unaokoa riba ya miezi iliyobaki, ingawa mkataba unaweza kuweka adhabu kidogo. Kwenye riba isiyopungua, unaweza kulipa deni lote mwezi wa tano ukadaiwa riba ya miezi 12 yote, kama mkataba hausemi kwamba utapunguziwa. Watu wa huku hupata hela kwa mkupuo. Msimu ukiwa mzuri mtu anataka kumaliza deni lake alale. Kipengele hiki kinawahusu ninyi kuliko mfanyakazi wa mshahara.

Na tarehe ya rejesho. Hili naona halisemwi kabisa benki, wakati hapa ziwani ndilo linaloangusha watu. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika, na hapa Mwaloni mzigo unapungua mpaka giza lirudi. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo ukilinganisha na kalenda ya ukutani unarudi nyuma karibu siku moja kila mwezi, siku kama 11 kwa mwaka. Rejesho la tarehe 5 ambalo mwanzoni lilikuwa linakukuta katikati ya giza, umetoka kuuza na hela iko mkononi, kabla mwaka haujaisha litakukuta kwenye mbalamwezi. Mteja anasema biashara imeharibika. Biashara haijaharibika, tarehe ndiyo imehama. Rejesho la kila wiki ni gumu zaidi, kwa sababu kila mwandamo lazima liangukie angalau wiki moja ambayo mtumbwi umefungwa.

Yapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza, kabla ya kusaini mweleze afisa mzunguko wako wa hela, umwombe ratiba inayoufuata. Wapo wakopeshaji wanaokubali. La pili, kama ratiba haibadiliki, giza la kwanza baada ya kupata mkopo tenga rejesho moja zima, liache kwenye akaunti kama akiba ya mbalamwezi, na ukilitumia ulirudishe giza linalofuata. Ukichelewa, hulipi adhabu tu. Taarifa za mikopo hupelekwa kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, na mkopeshaji mwingine akifungua anaziona. Hata deni dogo la simu uliloliacha miaka miwili iliyopita linaweza kuwa ndilo lililokukosesha mkopo wa injini.

Kuhusu dhamana nasema kwa kifupi. Nyumba mnayoishi na mwenzi wako haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa yake, na ridhaa hiyo huandikwa. Mdhamini naye asidhani anashuhudia tu: akisaini, anakubali kulipa mkopaji akishindwa. Mtu aliyekuomba umdhamini ni rafiki yako leo. Mkataba hautamkumbuka hivyo.

Mtasikia pia redioni habari za Riba ya Benki Kuu. Ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, Aprili mwaka huo ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Hiyo ni riba elekezi ya sera ya fedha, inayoongoza bei ya hela baina ya benki. Usiende dirishani ukadai ukopeshwe kwa 5.75.

Sasa tugeuke upande wa pili, pale wewe ndiye mwenye hela.

Akaunti ya akiba ya kawaida ni ya kutunza, siyo ya kukuza. Ikikulipa asilimia 2 kwa mwaka, na riba ya amana ikakatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) ya asilimia 10, unabaki na 1.8. Mfumuko wa bei nchini miaka ya karibuni umekaa kwenye asilimia 3 hivi. Maana yake salio linaongezeka huku hela yenyewe ikinunua kidogo zaidi. Bado ni mahali pazuri pa hela ya kesho asubuhi, ya mafuta ya injini na ya barafu.

Amana ya muda maalumu ni nyingine. Unafunga hela kwa miezi 3, 6 au 12 kwa riba mliyokubaliana. Shilingi milioni 10 kwa asilimia 9 kwa miezi 6 haizai 900,000. Asilimia 9 ni ya mwaka, nusu mwaka ni 450,000, kodi ya zuio inaondoa 45,000, unapata 405,000. Wengi hugombana na benki hapa bure. Mambo ya kuuliza ni mawili: nikivunja kabla ya tarehe napoteza nini, na tarehe ikifika nisipotokea inakuwaje? Benki nyingi huifunga upya amana hiyo kwa kipindi kipya kwa riba ya siku hiyo, na wewe ulikuwa umepanga kununua nyavu. Andika maelekezo yako tangu siku ya kwanza. Na jueni kwamba riba ya amana kubwa hujadiliwa. Bango ukutani ni mwanzo wa mazungumzo.

Usalama wa amana: benki iliyosajiliwa na Benki Kuu inachangia Bodi ya Bima ya Amana, na benki ikifungwa kila mteja analindwa mpaka shilingi milioni 7.5. Zamani kikomo kilikuwa milioni 1.5. Januari 2018, Benki Kuu ilipofunga benki tano ndogo kwa kukosa mtaji wa kutosha, mojawapo ilikuwa jirani zetu wa ziwa hili hili, Benki ya Wakulima ya Kagera. Aliyekuwa na laki nane alilindwa zote. Aliyekuwa na milioni 20 alilindwa milioni 1.5, na zilizobaki zikategemea mali za benki ziuzwe na mfilisi. Kinachohesabiwa ni mteja mmoja kwenye benki moja, hata awe na akaunti tatu humo. Mwenye milioni 15 akizigawa sawasawa kwenye benki mbili analindwa zote. SACCOS, vikoba na mifuko ya uwekezaji haimo kwenye bima hii. Hiyo haina maana ni mibaya. Ulinzi wake ni wa namna nyingine, na lazima uujue kabla.

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja unafanyaje kazi? Watu wengi wanachanga, meneja wa mfuko ananunua hatifungani (hati za deni, serikali au kampuni ikikopa kwa watu), hisa na amana za benki kwa niaba yao, na kila mmoja anapewa vipande kulingana na alichochanga. Hapa Tanzania kongwe ni mifuko ya UTT AMIS, taasisi ya serikali ya kusimamia mifuko hii: Mfuko wa Umoja ulianza 2005, baadaye ikaja Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na wa Hatifungani. Siku hizi wapo na wengine, kama Faida Fund ya Watumishi Housing iliyoanza 2022. Anayetoa leseni ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ulinzi wenyewe ni kwamba meneja hakai na mali: hela na hati za mfuko zinatunzwa na benki, kwa jina la mfuko. Meneja akifilisika, vipande vyako havimo kwenye madeni yake. Lakini bei ya kipande ikishuka, hakuna wa kukufidia.

Bei hiyo inatoka wapi? Jioni ya siku ya kazi wanajumlisha mali zote za mfuko, wanatoa madeni na gharama, wanagawa kwa idadi ya vipande. Mfano: mali bilioni 52.4, madeni milioni 400, vipande milioni 100. Inabaki bilioni 52, kipande ni shilingi 520. Ukiweka milioni moja unapata vipande 1,923 na sehemu. Bei ikifika 572, vyako vina thamani ya 1,100,000. Kama mfuko una makato ya kutoka ya asilimia 1, utanunuliwa kwa 566.28, unapokea 1,089,000. Kuna mifuko yenye makato hayo na isiyokuwa nayo. Mfuko wa Ukwasi hauna makato ya kuingia wala ya kutoka. Gharama za uendeshaji za kila mwaka hamtaziona kwenye risiti yoyote, kwa sababu zimeshatolewa ndani ya bei.

Kosa linalojirudia kuliko yote: mtu anaona mfuko mmoja kipande ni shilingi 120 na mwingine ni 1,100, anakimbilia wa 120 kwa kuwa "bado wa bei rahisi, utapanda." Ni kama kununua dagaa kwa kopo au kwa gunia: chombo kimebadilika, dagaa ni wale wale. Milioni moja yako ikikua kwa asilimia 12 inakuwa 1,120,000 iwe imegawanywa vipande elfu nane au mia tisa. Angalia ukuaji wa asilimia kwa mwaka, wa miaka kadhaa mfululizo, siyo bei ya kipande. Na ukikuta tangazo la asilimia kubwa, soma ni ya mwaka mmoja au ni tangu mfuko uanze. Vyovyote iwavyo ni habari ya jana. Meneja mwenye leseni hakuahidi ya kesho.

Gawio nalo huchanganya. Mfuko unaogawa shilingi 12 kwa kipande cha 520 unashuka kuwa 508 siku ile ile. Hela imetoka mfukoni mwa mfuko ikaingia mfukoni mwako. Anayehitaji ada za shule kila muhula atachagua gawio. Asiyehitaji aache faida izae faida. Milioni moja kwa asilimia 12, ukichukua faida kila mwaka, baada ya miaka sita una mtaji wako na 720,000 ulizokwishakula. Ukiiacha, inakaribia 1,974,000. Hiyo ni kama ukuaji utakaa hivyo, na si kila mwaka utakaa.

Ukwasi ni wepesi wa kugeuza mali kuwa taslimu. Mfuko wa Ukwasi unalipa ndani ya siku tatu za kazi. Za kazi, jamani. Ukiomba Ijumaa mchana, Jumamosi na Jumapili hazimo. Hesabu inaishia Jumatano, na sikukuu ikiingia kati ni Alhamisi. Kwa hiyo hela ya kununulia mzigo wa alfajiri isikae huko. Ya kusubiri giza linalofuata inaweza.

Hatifungani za serikali wengi wanadhani ni za matajiri wa Dar es Salaam. Kiwango cha chini kwenye mnada ni shilingi milioni moja. Unafungua akaunti ya CDS, yaani ya kutunzia hatifungani zako kwenye mfumo, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, unajaza maombi kabla ya mnada, na minada hufanyika Jumatano. Muda ni kuanzia miaka 2 hadi 25, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Hatifungani ya milioni 10 yenye riba ya asilimia 12 inakuletea 600,000 mara mbili kwa mwaka. Dhamana za serikali za muda mfupi, za siku 35, 91, 182 na 364, hazina riba ya vipindi: unanunua kwa pungufu, mathalani 94 kwa kila 100, na mwisho unalipwa 100 kasoro kodi ya ile tofauti.

Sasa sikilizeni hatari yake, kwa maana serikali kulipa siyo hatari pekee. Una hatifungani ya miaka 20 yenye asilimia 12. Baada ya miaka miwili mtoto anaugua, unataka kuuza. Kama wakati huo mpya zinatoa asilimia 15, nani atanunua yako ya 12 kwa bei kamili? Utauza kwa kama 81.5 kwa kila 100, yaani milioni 10 zako zinaleta milioni 8 na laki moja na nusu. Zingeshuka mpya zikatoa asilimia 10, ungeuza kwa faida. Ukisubiri mpaka mwisho unapata milioni 10 zako kamili. Kwa hiyo hatifungani ndefu wekea hela ambayo huna shughuli nayo kwa miaka. Anayekuambia "unauza wakati wowote" amesema kweli nusu. Bei ndiyo hakukutajia.

Hisa nazipita haraka: gawio la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa kodi asilimia 5, bei hupanda na kushuka, na hisa nyingine zinakosa mnunuzi kwa wiki kadhaa.

Wanaokuja na "uwekezaji" wa simu wamejifunza maneno haya haya. Mnakumbuka upatu wa DECI, uliofungwa 2009; watu walipanda mbegu na kungoja mavuno yaliyokuwa yanatoka kwenye mbegu za waliofuata. Hawa wa sasa wanasema vipande, gawio, mfuko, wana hata vyeti vyenye mihuri. Kipimeni hivi. Je, wanataja faida ya uhakika kwa siku au wiki? Asilimia 2 kwa siku, ikiachwa izae, inaigeuza laki moja kuwa zaidi ya milioni 100 ndani ya mwaka. Angekuwa nayo asingekutafuta wewe. Je, jina lao limo kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, au ya Benki Kuu kama ni wakopeshaji au wapokea amana? Cheti cha usajili wa kampuni hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya hela za umma. Na hela inatumwa wapi? Hela ya mfuko inaingia akaunti ya mfuko. Ikiambiwa itumwe kwenye namba ya simu ya mtu, hata awe amevaa fulana yenye nembo, acha.

La mwisho ni fomu yenyewe. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Masanja na Massanja ni watu wawili mbele ya mfumo, na siku ya kutoa hela ndiyo utakapojua. Ukibadilisha namba ya simu, peleka taarifa. Na pale wanapouliza ndugu wa karibu, wengi hudhani wameshaandika mrithi. Benki huwa inatafuta mtu wa kupigiwa simu. Jina hilo halimpi haki ya kutoa hela. Mwenye akaunti akifariki, familia hukaa kikao cha ukoo, hupendekeza msimamizi, huchukua cheti cha kifo na muhtasari wa kikao hadi mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi akishateuliwa ndipo benki humsikiliza. Mfuko wenye fomu ya kumteua mnufaika unawapunguzia safari, kwa hiyo ijaze, na ukiongeza mtoto uirudie. Zaidi ya hayo, mwenzi wako ajue akaunti ziko benki gani na namba ya mwekezaji ni ipi. Hakuna mahakama inayogawa hela ambayo familia haijui kama ipo.

Nakomea hapo, mwenyekiti. Waliokuja na mikataba yao wasogee meza ya kushoto, tuanze na yenye neno "riba" lisilosema ni inayopungua au isiyopungua. Wenye maswali ya vipande na hatifungani wabaki hapa.